Jumatano Iliyoachwa Wazi

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, binti yangu alirudi kutoka shule ya bweni akiwa hasemi. Alinipa shikamoo, akasema ndiyo, akasema nimeshiba, akasema nimechoka. Kwa siku nane hayo ndiyo niliyopata kutoka kwake. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na sina mtoto mwingine.

Alikuja na barua ya matroni ndani ya bahasha iliyobandikwa. Barua ilieleza kwamba ameshuka katika masomo yote, kwamba chakula anakigusa tu, na kwamba mara mbili amekutwa stendi akiwa na sare, anataka kupanda gari bila ruhusa. Alipoulizwa anakwenda wapi alinyamaza. Ikitokea mara ya tatu, shule haitampokea tena. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, halafu nikakaa kwenye kigoda nikaisoma upya, nikitafuta sentensi ambayo labda nimeiruka, ile inayosema kwa nini. Haikuwepo.

Mimi ni nesi. Nafanya kazi katika zahanati nje kidogo ya mji wa Lindi, na miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye kliniki ya mama na mtoto. Nawafundisha wanawake namna ya kumtambua mtoto anayeumwa kabla hajaweza kusema. Wangu alikuwa na uwezo wa kusema, amelala chumba cha pili, na mimi sikujua anaumwa nini. Nilimpima homa. Nilimpima malaria. Nilimwomba mkojo nikamdanganya kwamba ni wa kichocho, kumbe naupima mimba. Hakukuwa na kitu. Nilipoona hakuna kitu nilishukuru, kisha nikaogopa zaidi, kwa sababu ugonjwa wenye jina una dawa yake.

Ikafika mahali nikirudi kazini nasimama kwanza uani kabla ya kuingia. Nilikuwa namwogopa mtoto niliyemzaa.

Mganga mfawidhi wetu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, aliniona nikirudia kuandika kadi moja mara tatu. Akaniambia, "Dada, una likizo hujaichukua. Mchukue huyo binti mwende mahali. Mkikaa wawili tu, siku mbili tatu, atasema."

Wazo lile lilinishangaza. Ukoo wetu hausafiri kwa ajili ya kutembea tu. Sisi ni Wamwera wa bara kidogo, na kwetu mtu akifunga begi basi kuna msiba, kuna harusi, au kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Sikuwahi kulala nyumba ya wageni kwa ajili ya kufurahi. Lakini nilikuwa nimefika mwisho wa akili zangu, na mtu akifika hapo hukubali hata asichokijua.

Siku ile ile, tulipokaa kula, nilisema, "Nimepewa likizo ya wiki. Twende mahali, mimi na wewe. Chagua unapotaka. Mtwara, Mikindani, hata Dar tukifika ni sawa."

Akainua uso. Nilikuwa nimesahau jinsi macho yake yalivyo makubwa.

"Kilwa," akasema.

"Kilwa Masoko?"

"Eeh. Tukaone magofu. Tumeyasoma kwenye historia, na mwalimu alisema asiyewahi kuyaona hajaielewa."

Niliondoka mezani nikaenda kuswali rakaa mbili za shukurani. Nilipokuwa nimesujudu nilimsikia anaosha vyombo bila kuambiwa.

Siku tano zilizofuata zilikuwa nzuri, nazo ndizo zinazoniumiza mpaka leo. Alichukua daftari kubwa, akapiga mistari kwa rula, akaandika siku saba juu na asubuhi, mchana, jioni pembeni. Alikuwa ameuliza mambo mengi kwenye simu yake. Akanieleza kwamba Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, huwezi kuvuka hivi hivi, lazima upate kibali kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Masoko, halafu upewe mtu wa kukuongoza, na kwamba mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, hivyo ni bora kuvuka mapema kabla maji hayajachafuka.

"Mapema saa ngapi?" nikauliza.

"Saa tatu."

"Saa tatu si mapema. Tuamke saa kumi na moja, tuswali, saa moja tuko ufukweni."

"Mama, tunaenda kupumzika au tunaenda zamu?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye hakucheka lakini mdomo wake ulilegea. Tukakubaliana saa mbili. Nilitaka tubebe jiko la mafuta na mchele, akakataa kabisa, akasema hawezi kuonekana anashuka kwenye gari na jiko. Nilitaka siku mbili za Kisiwani, moja ya msikiti na ngome, na moja ya jumba la Husuni Kubwa. Yeye akazibana zikawa moja, ya Jumatatu. Kilwa Kivinje, ule mji wa zamani, akauweka Alhamisi. Jumanne akaandika, "Soko, kupiga picha, kulala." Nilimwachia.

Jumatano hakuandika kitu.

"Na hii?" nikamwuliza, nimeweka kidole.

"Iache wazi."

"Tutafanya nini siku nzima?"

"Siku moja tu, mama. Siku moja usinipangie."

Nikaondoa kidole. Nilikuwa tayari kumpa Jumatano zote za maisha yangu ili aendelee kuzungumza.

Tulikwenda mjini kwenye duka la yule Mhindi wa karibu na soko, ambaye familia yake imeuza nguo Lindi tangu kabla sijazaliwa. Alijaribu blauzi tatu. Akatoka nyuma ya pazia na ya tatu, ya rangi ya maziwa, akasimama mbele yangu mikono imeshuka.

"Hii inanionyesha mkubwa au mtoto?"

"Inakupendeza."

"Sijauliza kama inanipendeza."

"Inakuonyesha mtu mzima kidogo," nikasema. Akaichukua. Nikadhani ni kwa ajili ya picha.

Ijumaa asubuhi, nikiwa kazini, nilipiga simu Masoko kwenye nyumba ya wageni aliyoichagua, niulize kama wana chumba chenye vitanda viwili. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya ukarimu.

"Binti yako ameshapiga juzi, chumba nimemwekea," akasema. "Mtoto mwenye adabu. Akaniuliza kama namjua fundi wa mashine za boti, yule aliyerudi kutoka Msumbiji, anakaa karibu na bandari. Nikamwambia tunamjua sana, ni jirani yetu. Kwani ni ndugu yenu?"

Nikasema ndiyo, ni ndugu yetu. Nikaaga. Kulikuwa na mama amesimama mbele yangu na mtoto wa kupimwa uzito, nikamchukua mtoto nikamweka kwenye mzani, na sikuweza kusoma namba.

Fundi yule ni baba yake.

Aliondoka binti yangu akiwa na miaka miwili. Kwanza alikwenda Masoko kutafuta kazi ya mashine za boti, na huko akaoa mke mwingine bila kuniambia. Nililipata hilo kwa watu. Nilipopiga kelele alinitumia talaka kwa barua, na muda si mrefu akavuka kwenda Msumbiji kwenye machimbo. Miaka mingi hakuna aliyesikia habari zake. Mtoto alipoanza kuuliza nilimwambia baba yako alikwenda Msumbiji na hajulikani alipo. Wakati huo ulikuwa ukweli.

Halafu, miaka mitatu kabla ya safari hii, alinitokea zahanati. Amekonda, ana mvi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikaa kwenye benchi pamoja na kina mama mpaka zamu yake ikafika kama mgonjwa. Akasema amerudi Masoko kwa mkewe na anaomba kumwona mtoto. Nilimwambia mtoto hayupo. Nikamwambia nimemlea peke yangu, amemaliza kulia, na akirudi tena hapa nitamwitia mgambo. Aliinuka akasema sawa. Hakurudi. Nilivua glavu nikaendelea na kazi, na kuanzia siku ile "hajulikani alipo" likawa uongo, nami nikaendelea kulisema.

Sasa nilielewa Jumatano ni ya nini, na blauzi ni ya nini. Nilielewa pia kwamba siku tano zile za furaha hazikuwa zangu.

Ningeweza kwenda nyumbani nikakaa naye nikamweleza. Nimewaza jambo hilo mara nyingi sana. Badala yake niliingia nyumbani nikasema, bila hata kuvua viatu, "Mwanangu, safari imeharibika. Likizo imekataliwa."

Alikuwa anapiga pasi. "Nani amekataa?"

"Mganga mfawidhi. Hakuna mtu wa kushika nafasi yangu."

Aliisimamisha pasi. Akachukua daftari lake, akalifunga, akaliweka juu ya kabati. "Sawa," akasema. Hakula siku ile.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa na zamu ya asubuhi. Mchana mganga mfawidhi akanipita koridoni, akasema, "Binti yako alipita asubuhi ulipokuwa chumba cha sindano. Nikamwuliza mnaondoka lini Kilwa, akaniangalia tu. Vipi, mmeahirisha?"

Nilitoka na sare yangu nikakimbia mpaka nyumbani. Begi lake halikuwepo. Daftari lilikuwa juu ya kabati, ukurasa wenye jedwali umechanwa vizuri kwa rula. Nikapiga simu, haipatikani. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akasema alimwona na begi tangu mapema, anaelekea stendi, akampa shikamoo vizuri tu.

Nilipanda basi la kwanza la kwenda Dar nililolikuta. Kazi yangu imenionyesha mambo yanayowapata wasichana barabarani, nimewafunga vidonda na nimewashika mikono, na safari nzima yote yalinipita kichwani yakiwa na uso wake. Mchinga nilisimama nikachungulia dirishani. Kiranjeranje nilishuka kabisa, nikauliza wauza korosho, kondakta akaniita kwa hasira nikapanda. Nilikuwa nasema kwa sauti bila kujua. Mzee wa kiti cha pembeni akaniuliza, "Umefiwa, binti?" Nikamwambia sijui bado.

Nangurukuru ni njia panda. Anayekwenda Masoko hushuka pale akatafuta gari dogo. Nilishuka nikaanza kuita jina lake katikati ya vibanda vya chakula, nesi mzima na sare nyeupe. Mama lishe mmoja akaniinulia mkono.

"Unamtafuta mtoto wa begi la bluu? Yuko nyuma hapa. Nimemzuia asiondoke peke yake. Ingawa hata ningemwachia, sidhani kama angekwenda. Amekaa tangu saa sita. Gari la Masoko likiita abiria anasimama, halafu anakaa tena."

Alikuwa kwenye benchi, sahani ya wali imepoa mbele yake, amevaa ile blauzi. Aliponiona hakushtuka. Nikakaa upande wa pili wa meza.

"Simu imeisha chaji," akasema.

"Sawa."

"Unajua kama yupo?"

"Najua."

"Tangu lini?"

Nilitamani sana kupunguza. Nilitamani kusema tangu jana. "Miaka mitatu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa jibu la hesabu alilokwishalipata mwenyewe. Kisha akasema yote, bila kuniangalia, akichora kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani. Mwaka ulipoanza aliingia mtoto kidato cha kwanza ambaye majina yake mawili ya mwisho ni sawa na yake, la baba na la babu. Matroni akamwita akamwambia mdogo wako amefika, mwonyeshe bweni. Akasema sina mdogo. Yule mtoto akasema, "Baba anasema ana mtoto mkubwa Lindi. Labda ni wewe."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia siyo mimi. Nikamwambia majina yanafanana tu." Akafuta maji yale kwa kiganja. "Mama, anacheka kama mimi. Anawaambia wenzake baba yake anatengeneza mashine za boti Masoko, karudi kutoka Msumbiji. Siku za kutembelewa mama yake anakuja na pilau, mimi najificha bafuni asinione. Nilitaka kuja kumwuliza wewe ni baba yangu au siye. Nikifika stendi nashindwa, nasubiri mpaka wananikamata."

Nikamweleza kuhusu benchi la zahanati, kanzu, na mgambo. Sikujitetea. Nilipomaliza alichukua begi lake akahamia benchi la mbali, akanipa mgongo. Mama lishe akaniletea chai ambayo sikuiagiza. Magari matatu ya Masoko yalijaa yakaondoka. La nne lilipoanza kuita, akaja akasimama mbele yangu.

"Twende," akasema. "Lakini usiongee na mimi."

Hivyo ndivyo tulivyoianza wiki yetu, siku mbili kabla ya tarehe, mimi nikiwa sina nguo ila sare na kanga mbili nilizonunua pale pale njiani. Mwenye nyumba ya wageni alitupokea kwa furaha akauliza habari za Lindi. Jumapili binti yangu alishinda kitandani amegeukia ukutani.

Nilidhani mpango umekufa, lakini Jumatatu saa moja na nusu alikuwa amesimama mlangoni na ule ukurasa mkononi. Tukaenda kuchukua kibali, tukavuka. Maji yalikuwa ya kurusharusha na nilijishikilia ubao wa boti kwa mikono miwili, naye amekaa mbele, hageuki. Kijana aliyetuongoza alitueleza vizuri, msikiti mkuu na nguzo zake, ngome, kisha tukatembea sana mpaka Husuni Kubwa, kwenye lile birika la kuogea lenye pembe nane. Wakati wote nilikuwa natafuta nafasi ya kusema kitu. Nilijikuta nasema ujinga, kwamba chokaa yao ilikuwa imara, kwamba jua ni kali. Yeye aliandika kwenye daftari dogo. Swali aliuliza moja tu, tena kwa yule kijana.

"Waliokuwa wanakaa hapa, waliondoka siku moja wote?"

"Hapana, dada. Walipungua kidogo kidogo. Na wengine hawakuondoka, ndio babu zetu sisi."

Akaandika hilo.

Jumanne alilala kama ratiba ilivyosema. Mimi nikatoka nikaenda bandarini. Nilimkuta chini ya banda la makuti amepiga magoti mbele ya mashine ya boti, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Alinitambua haraka, akasimama.

"Kesho mtoto atakuja kwako," nikasema.

Akafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Kwa hiari yake?"

"Alikuja peke yake mpaka Nangurukuru. Nimemleta kutoka pale."

"Alhamdulillah."

"Nimekuja kukuomba usimchukue." Nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele yake, nikalia. "Nisamehe kwa yale ya zahanati. Nitasema neno lolote unalotaka niseme. Lakini usinichukulie, sina mwingine."

"Mtu wa miaka kumi na sita hachukuliwi, mama yake," akasema. "Anakwenda anapotaka. Mimi nitaosha nyumba tu nimsubiri."

Jumatano tulitembea pamoja mpaka kwenye nyumba yake bila kusema. Mlangoni akaniambia, "Wewe subiri hapa nje." Akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye uso mpole, nikajua ni mke mwenzangu wa zamani, na binti yangu akaingia.

Ng'ambo ya njia kuna duka, nikakaa kwenye kibaraza chake. Adhuhuri iliadhiniwa nikiwa pale. Sikusikia kilio wala kicheko, na kila kimya kilikuwa kinanionyesha picha yake. Nilimwona ananisahau. Nilijiona nimezeeka peke yangu kwenye ile nyumba ya Lindi, nafungua mlango wa chumba cha pili kuingiza hewa. Muuza duka aliniuliza kama naumwa.

Akatoka msichana mdogo mwenye hijabu ya shule. Akaja mpaka kwangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. "Marahaba."

"Mama anasema uingie ndani ule."

Ni kweli, alikuwa na kicheko cha binti yangu hata kabla hajacheka, pale kwenye mashavu. Nikainuka nikamfuata.

Walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka sinia. Wote walisogea kunipa nafasi. Binti yangu alikuwa anakula. Alikuwa anakula kama watoto wanavyokula, anajaza, anafuta mchuzi kwa kidole, na mke wa baba yake anamsogezea kipande cha samaki. Miezi yote ile mimi nimeshindwa kumlisha, na hapa anakula. Nilinawa nikaweka tonge mdomoni huku nikimtazama.

Tulipomaliza na sinia limeondolewa, akageuka kwa baba yake. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Baba, nimekusikia yote uliyosema. Nina swali moja. Mama alikufukuza mara moja. Kwa nini hukuja mara ya pili?"

Yule mtu alitazama mikono yake. "Niliona aibu," akasema.

"Aibu ya miaka mitatu?"

"Ndiyo."

Akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa na miaka hiyo hiyo mitatu. Kila likizo tunakula pamoja, kila likizo ulikuwa na nafasi."

Mke wa nyumba ile aliinamisha kichwa, ingawa kosa halikuwa lake. Yule mdogo alisogea kwenye mkeka, akakaa karibu sana na binti yangu mpaka mabega yakagusana, na binti yangu hakusogea.

"Nilimkana huyu mbele ya matroni kwa sababu yenu," akasema. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipokuwa mdogo, na aliyemshika hakuwa mimi wala baba yake. Alikuwa yule mtoto wa kidato cha kwanza.

Hakurudi nami kwenye nyumba ya wageni. Aliomba abaki pale mpaka likizo iishe, na akaniomba kwa heshima, kama mtu anayemwomba mwenye nyumba. Nilikubali. Nilimletea begi lake jioni, akalipokea mlangoni, akanipa ule ukurasa wa ratiba.

"Alhamisi ni Kivinje," akasema. "Nenda, mama. Tulishapanga."

Nikaenda. Sijui kwa nini nilikwenda, labda kwa sababu ndilo jambo la mwisho aliloniambia nifanye. Nilizunguka Kivinje peke yangu nikatazama milango ya zamani na kuta za mawe zilizoota miti, nikanunua vitumbua nikavila nimesimama, na mwenyeji mmoja akaniuliza nimekuja kwa shughuli gani. Nikasema nimekuja kutembea. Lilikuwa neno geni mdomoni mwangu.

Jumamosi nilirudi Lindi. Kwenye basi niliketi dirishani nikaweka mkoba wangu kwenye kiti cha pili mpaka kondakta aliponiambia niuondoe, kuna abiria.

Alirudi shuleni moja kwa moja kutoka Masoko, yeye na mdogo wake. Muhula ule matroni alinipigia simu kusema anakula, na masomo yanapanda, akaniuliza nilimfanyia nini. Kwa mwezi na nusu binti yangu hakutaka kuongea nami. Halafu siku moja alipiga kwa simu ya mwalimu, tukazungumza hali ya hewa na mitihani, na mwishoni akasema, "Sijakusamehe, mama. Ila naweza kuongea na wewe." Nikasema asante. Nilikuwa nimekaa sakafuni.

Sasa hivi yuko kidato cha nne. Likizo anazigawa, nusu kwangu, nusu Masoko. Akiwa kwangu ni mpole, ananisaidia, na kuna vitu haniambii. Nikimwuliza jambo wakati mwingine ananitazama kwanza, anapima kama nastahili jibu, na mimi nasubiri. Nimezoea kusubiri, lakini haimaanishi kwamba hainiumi.

Wiki iliyopita alipiga simu kuniuliza kama sikukuu ya Idi anaweza kuja na mdogo wake, walale siku tatu. Nikasema njooni. Kesho yake baada ya kazi nilikwenda kununua godoro la pili la chumba chake.